Kabla hujanunua Samba au Gazelle, jua kama utaweza kuzivaa kila siku

Raba hizi za Adidas za kizamani za shingo fupi zinapendeza sana, hilo halina ubishi, ila kupendeza na kuvalika asubuhi mpaka jioni ni vitu viwili tofauti. Angalia kwanza ilitengenezwa kwa kazi gani. Samba ilianza kama kiatu cha mazoezi ya mpira kwenye viwanja vilivyoganda barafu huko Ujerumani, ndo mana soli yake ni nyembamba na inashika chini vizuri, sasa we ukisimama nayo kwenye sakafu ya saruji masaa nane kisigino lazima kikuambie kitu. Air Force 1 ya Nike, iliyotoka 1982, ilikuwa ya basketi, ina mfuko wa hewa kisiginoni na inapokea kishindo vizuri zaidi, ila ni nzito.

Nenda kujaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na uvae soksi unazovaaga siku zote. Vaa zote mbili, funga kamba kabisa, simama. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba hivi. Alafu angalia ubavuni pale kidole kidogo kinapoanzia, ngozi ikiwa imetuna kwa nje basi kiatu ni chembamba kwako, na Samba ni nyembamba kweli, usikubali kuambiwa "itaachia tu" mana ngozi inaachia kidogo ila soli haiongezeki upana hata siku moja. Tembea, panda ngazi kama zipo, kisigino kikiwa kinachomoka kila hatua achana nayo, hapo ni malengelenge tu.

Kunja kiatu kwa mkono. Kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati hakina msaada wowote kwa unyayo, na kama una unyayo bapa hapo ndo uwe makini zaidi. Chomoa na soli ya ndani uone, ikitoka unaweza kuweka nene zaidi baadae, ila nene nayo inakupandisha juu na kisigino kinaanza kuchomoka, so jaribu nayo humohumo dukani.

Kwa wa mtumba, soko la Karume Dar au Gikomba Nairobi, bonyeza soli kwa nguvu na uvute pembeni kwenye gundi, kuna soli za povu zinazozeeka zikiwa zimekaa tu, juu kiatu kinang'aa ila ukitembea wiki inameguka vipande.

Mwisho ngozi: Gazelle ya suede, ile ngozi yenye vinyweleo laini juu, na msimu wa mvua haviendani, kama unapita kwenye tope kila siku chukua ya ngozi laini unayoweza kufuta na kitambaa.