Ukisoma Hamlet, anza na wana watatu

Kama Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, inakuchanganya, chukua karatasi uandike majina ya vijana watatu waliouliwa baba zao: Hamlet, Laertes, Fortinbras. Mbele ya kila jina andika nani aliua, na mwana alifanya nini alipopata nafasi. Nilijaribu juzi, tamthilia nzima ikanyooka. Shakespeare amewapa wote deni moja la damu, kwa hiyo tofauti ya ulipaji ndiyo inayosema. Hamlet anamkuta Claudius, ami yake aliyemuua baba yake, akisali, upanga anao, lakini anaahirisha asije akampeleka peponi (tendo la 3, onyesho la 3). Laertes, ambaye baba yake kauliwa na Hamlet, akiulizwa atafanya nini, anajibu kwamba atamkata Hamlet koo hata kanisani! Fortinbras anakanywa na ami yake asiishambulie Denmark, anatii, na mwishoni taji la Denmark linamwangukia yeye.

Ophelia, dada yake Laertes, naye kauliwa baba, ila hapa hana safu; msome peke yake. Na usiipeleke mbinu hii kwenye Othello, tamthilia nyingine ya Shakespeare. Kule mwovu Iago anataja sababu hii ya chuki yake, mara ile, na utabaki na karatasi tupu.