Saa, mkanda na waleti za ukweli mtandaoni: namna ya kupata diskaunti ambayo ni diskaunti kweli

Wakuu, saivi ukifungua simu kila duka linakwambia asilimia 70, asilimia 80, mwisho leo usiku, na pembeni kuna kisaa kinahesabu kurudi nyuma ili ukurupuke. Mtu anatoa hela anapata mkanda ambao msimu mmoja wa mvua tu umeshaanza kubanduka maganda. Mimi vitu vya kiume vya kuvaa vilivyotengenezwa vizuri navipenda sana, saa hasa, na naagiza mtandaoni miaka sasa, na kila anayeniuliza namwambia kitu kilekile, usianze kutafuta diskaunti, anza kutafuta kitu. Ukikijua kitu chenyewe mpaka namba yake ya modeli utaijua bei yake ya siku zote, na ukishaijua hiyo bei hakuna duka la kukuzuga na asilimia zake.

Tuchukue saa. Ukiandika "saa ya Seiko bei poa" utaletewa takataka zote za dunia. Ila ukiandika SRPD55K1 unaletewa saa moja tu, Seiko 5 Sports ya uso mweusi, mkanda wa chuma, mashine ya 4R36 inayojijaza yenyewe ukiivaa. Maduka yote yanayoiuza yanakaa kwenye mstari mmoja unalinganisha mwenyewe. Ile K1 ya mwisho nayo usiiache, maana saa ileile inaweza kuja na mkanda mwingine kwa herufi nyingine na bei nyingine, na wauzaji wengine wanatumia hapohapo kuonekana wana bei ya chini. Casio hivyohivyo, Citizen na Orient hivyohivyo, andika namba kama ilivyo. Miwani ya jua ina namba yake ndani ya mguu wa fremu. Waleti na mikanda ya brandi kubwa nayo ina namba, shuka chini kwenye maelezo utaiona.

Ukishakuwa na namba, kazi inayofuata ni historia ya bei, na hapa ndo pana utamu. Kwa vitu vya Amazon kuna websaiti ya bure inaitwa CamelCamelCamel na nyingine inaitwa Keepa, unabandika linki ya bidhaa wanakuletea grafu ya bei tangu zamani. Utakuta saa imeandikwa ilikuwa dola 250 sasa 140, ukiangalia grafu unaona haijawahi kufika 250 hata siku moja, mwaka mzima inacheza 140 na 150, kwa hiyo hiyo sio ofa, hiyo ndo bei yake. Alafu unawapangia kwamba ikishuka chini ya kiasi fulani wakutumie imeili, we unaendelea na shughuli zako. Mimi naweka kiasi kilicho karibu na bei ya chini kabisa kwenye grafu, naongeza kidogo tu, maana ukisubiri mpaka iguse chini kabisa unaweza kusubiri mpaka modeli yenyewe itoke sokoni.

Maduka ya Umoja wa Ulaya yana kitu kizuri zaidi ambacho watu wengi hawakijui. Tangu Mei 2022 sheria yao inamtaka muuzaji anapotangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia kitu hicho ndani ya siku 30 kabla ya punguzo. Iko kwa maandishi madogo chini ya bei. Soma hiyo, ile kubwa nyekundu iache.

Kwenye ngozi ndo watu wanaliwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Mkanda ulioandikwa "genuine leather" watu wanadhani ndo wenyewe kumbe hayo maneno yanasema tu kwamba ngozi imo, na mara nyingi ni tabaka la chini la ngozi lililopakwa rangi likapigwa mhuri wa vinyweleo. Ukiona "bonded leather" kimbia, hayo ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa yakagandishwa na gundi, kama zile mbao za vumbi za makabati, yakipata unyevu yanaachia. Unachotakiwa kuandika kwenye kutafuta ni "full grain", yaani tabaka la juu kabisa la ngozi ambalo halijasuguliwa, na kama hela haifiki basi "top grain", ambayo imesuguliwa kidogo lakini bado ni ya juu. Usiishie kwenye maneno, fungua picha uikuze. Angalia ukingo wa mkanda pale ulipokatwa, ngozi ya kipande kimoja inaonekana nyuzinyuzi zimeshikana toka juu mpaka chini, ila ile ya kuunganisha utaona tabaka mbili na katikati kitu cha kijivu kama karatasi. Angalia matundu, yamekatwa safi au yamechanika pembeni? Angalia bakle, ile chuma ya kufungia mkanda, imefungwa kwa skrubu au kipini unachoweza kukifungua, au imeshonwa moja kwa moja, maana ya kufungua ikiharibika unabadilisha bakle unaendelea na ngozi yako miaka mingine. Picha nzuri kuliko zote ni zile za wateja waliotumia miezi kadhaa, panga maoni kwa ya karibuni, tafuta yenye picha, na soma ya nyota tatu kwanza kwa sababu wenye nyota tatu wanakwambia kizuri na kibaya cha kitu.

Saizi ya mkanda ongeza inchi mbili juu ya suruali yako, ukivaa 34 agiza 36. Nasema hivi kwa sababu vitu vya ofa kubwa mara nyingi havirudishwi, na hata vikirudishwa kutuma kifurushi toka Dar mpaka ng'ambo kunaweza kula punguzo lote.

Miwani tafuta UV400, yaani kioo kinachozuia mionzi ya jua inayodhuru macho, basi. Kioo cheusi kisicho na hiyo ni kibaya kuliko kutovaa kitu, maana giza linafanya mboni ifunguke na ile mionzi inaingia zaidi. Ray-Ban orijino ina herufi RB ndogo sana zilizochongwa kwenye kioo kimoja karibu na bawaba, mwombe muuzaji picha ya hapo.

Sasa muda wa kununua. Wenzetu wanashusha bei kwa kufuata hali ya hewa ya kwao, sisi tuna jua mwaka mzima, na hiyo ni faida yetu kubwa. Kule kiangazi kikiisha, mwishoni mwa Agosti mpaka Septemba, miwani ya jua na kofia nyepesi zinaondolewa madukani kwa bei ya kutupwa wakati Dar, Tanga na Mombasa utazivaa Oktoba, Desemba na Februari bila shida yoyote. Ufaransa seli, yaani misimu ya mauzo ya punguzo, zinapangwa na sheria kabisa, mara mbili kwa mwaka, Januari na kuanzia Juni, wiki nne kila moja, na wiki za mwisho ndo bei inashuka zaidi ila saizi za kawaida zinakuwa zimeisha. Marekani kuna Siku ya Akina Baba, Jumapili ya tatu ya Juni, wiki mbili kabla yake saa na waleti zinashushwa kwelikweli kwa sababu ndo zawadi zao. Novemba inajulikana, tarehe 11 wachina na AliExpress yao, na Ijumaa ya mwisho mwisho ya mwezi ni Black Friday. Kwa walioko Kenya Jumia wanafanya mwezi huohuo. Ila Novemba ndo mwezi wenye ofa feki nyingi kuliko yote, kwa hiyo ile grafu ifungue kwanza.

Kwenye AliExpress kuna saa za kichina kama San Martin na Pagani Design zinazotumia mashine ya Seiko NH35 na kioo cha safaya, na kwa maoni yangu kwa hela ile ni saa nzuri kuliko saa nyingi za brandi za fasheni ambazo unalipia jina tu. Hizo subiri tarehe kubwa, tumia kuponi ya duka, kuponi ya apu na zile koini za ndani ya apu pamoja, vinajumlishana.

Kujumlisha punguzo ndo ujuzi wenyewe. Maduka mengi ukijiandikisha imeili yao mara ya kwanza wanakupa kuponi, asilimia 10 mara nyingi, kwa hiyo usijiandikishe mapema, subiri kitu chako kishushwe kwanza ndo ujiandikishe utumie kuponi juu ya bei iliyoshuka, kama wanaruhusu. Alafu weka kitu kwenye kikapu ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, fika mpaka hatua ya kulipa, toka. Siku moja mbili maduka mengine yanakutumia imeili ya kukubembeleza urudi na ndani yake kuna punguzo. Kama ni mwanafunzi wa Uingereza kuna UNiDAYS na Student Beans, websaiti za punguzo la wanafunzi, ndugu zetu walioko kule wanaweza kukusaidia. Websaiti za kuponi zimejaa kuponi zilizokufa, usipoteze usiku mzima hapo, jaribu mbili tatu songa mbele.

Kuna maduka ya saa kama Jomashop ya Marekani, yanauza orijino bila kupitia wasambazaji rasmi wa brandi, ndo maana bei iko chini. Saa ni zenyewe ila waranti mara nyingi inakuwa ya duka sio ya kiwanda, na hiyo ni sehemu ya bei unayolipa, ihesabie. Outlet, yale maduka ya brandi ya bei ya chini, nazo ziangalie kwa jicho la pili, brandi nyingi zinatengeneza vitu maalum vya outlet ambavyo havijawahi kukaa duka kubwa hata siku moja, kwa hiyo ile bei ya zamani iliyokatwa mstari haina maana yoyote. Ishara yake ni kwamba namba ya modeli haipo kwenye duka kuu la brandi.

Haya, bei ya mlangoni. Hapa naomba mkae na kalkuleta. Saa ya dola 120 imeshushwa asilimia 30, imekuwa 84. Usafiri tuseme 20, imekuwa 104. Ushuru wa forodha nikichukulia asilimia 25, ambao ndo wa bidhaa nyingi zilizokamilika Jumuiya ya Afrika Mashariki japo baadhi ziko 35, unaongeza 26, imefika 130. VAT ya Tanzania asilimia 18 juu ya hiyo 130 ni 23.40. Jumla dola 153 na senti, na kuna tozo ndogondogo sijaziweka. Hiyo ndo namba ya kulinganisha na duka la Samora au Kariakoo, sio ile 84. Kenya VAT ni 16. Wakati mwingine hesabu inakwambia nunua hapa mjini, nunua tu.

Unaweza kuipunguza hiyo jumla kihalali. Uingereza bei ya dukani ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, na maduka yanayotuma nje mengine yanaitoa ukiweka anwani ya Tanzania, kitu cha pauni 120 kinasoma 100 kabla ya usafiri, kwa hiyo weka anwani kwanza ndo useme bei ni ipi. Marekani kodi ya mauzo inaongezwa mwishoni kulingana na jimbo mzigo unakopelekwa, na Delaware na Oregon hawana kodi hiyo, ndo maana kampuni nyingi za kupokea na kusafirisha mizigo zina stoo huko. Ukitumia wakala wa hivyo agizeni wawili watatu pamoja, kifurushi kimoja kikubwa usafiri wake ni nafuu kuliko vidogo vitatu. Na wakati wa kulipa wakikuuliza ulipe kwa shilingi au dola, chagua sarafu ya duka, maana wakikubadilishia wao reti yao inakuumiza.

Duka usilolijua lenye Seiko ya asilimia 85 chini, angalia websaiti imesajiliwa lini kwenye WHOIS, ile rejista ya majina ya websaiti. Ikiwa ina mwezi mmoja, achana nayo. Anayekwambia utume hela moja kwa moja kwenye namba ya simu kabla ya kuona mzigo, achana naye pia. Lipa kwa kadi, hata zile kadi za mtandaoni za M-Pesa, weka kiasi kinachotosha tu. PayPal unapewa mpaka siku 180 kufungua malalamiko.

Mzigo ukifika rekodi video unapofungua, kuanzia gundi bado haijakatwa, lebo ionekane. Seiko igeuze nyuma, utaona namba kama 4R36 na nyingine, hizo nne za mwanzo ni mashine, lazima zifanane na ulichoagiza, na kwenye serial namba tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka ilipotengenezwa na ya pili ni mwezi, ambapo Oktoba, Novemba na Desemba zinaandikwa O, N na D. Ukikuta imekaa miaka mingi stoo una haki ya kuuliza. Alafu usifute ile imeili ya oda. Rudi kwenye ukurasa wa bidhaa wiki inayofuata, bei ikiwa imeshuka tena waandikie huduma kwa wateja kwa upole uwaombe tofauti, maduka kadhaa yanarudisha ukiomba ndani ya siku saba mpaka 14.