Kulea Vifaranga wa Kanga kwa Kumtumia Kuku

Hapa Lubumbashi kanga huanza kutaga mvua zinapoanza, mnamo Novemba, na kwa hiyo vifaranga wao huanguliwa katika miezi ambayo ardhi imelowa kuliko wakati wowote wa mwaka. Kifaranga wa kanga akilowa na kupigwa na baridi, mara nyingi hafiki jioni. Kanga mwenyewe ni mama asiye na subira: asubuhi huwapitisha watoto kwenye majani yenye umande, na wanaoshindwa kumfuata huwaacha nyuma. Ndiyo maana mimi humpa kuku kazi hiyo.

Hatua ya kwanza ni kumpata kuku wa kienyeji mtulivu, ikiwezekana aliyekwisha kulea. Aliye tayari kuatamia hubaki kiotani hata ukimsogelea, akivimbisha manyoya na kunguruma. Mpake majivu makavu chini ya mbawa, kwa sababu kuku anayesumbuliwa na chawa au utitiri huyakimbia mayai kabla ya siku zake.

Hatua ya pili ni mayai. Ya kanga ni madogo na yana ganda gumu, hivyo kuku mmoja mkubwa huweza kufunika 15. Chagua yasiyozidi siku 7 tangu kutagwa, uyaweke usiku, kisha uandike tarehe. Usiyachanganye na mayai ya kuku siku hiyohiyo, kwani mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21 na ya kanga baada ya siku 26 hadi 28. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilo: kuku aliinuka na watoto wake wanne, na nilipogundua, mayai ya kanga yalikuwa yamekwisha kupoa. Nilivunja moja nikamkuta kifaranga ameshaota manyoya yenye mistari, amekufa.

Hatua ya tatu, tayarisha kizimba kabla ya siku ya 25. Sakafu iwe juu kuliko ua, na paa litokeze mbele ili mvua ya upepo isiingie. Mimi hutumia udongo wa kichuguu, ambao katika Katanga haukosekani: unapondwa, unalowanishwa kidogo, unashindiliwa, kisha unaachwa ukauke kabisa. Juu yake tandika nyasi kavu, kwani kifaranga akitembea juu ya gazeti au plastiki miguu yake hutelezea pembeni na huweza kubaki hivyo. Maji yawe katika sahani ya kina kifupi iliyojazwa kokoto, maana vifaranga hawa huzama hata katika maji ya kina cha vidole viwili.

Chakula kinahitaji uangalifu kuliko cha vifaranga wa kuku. Katika majuma ya mwanzo wanahitaji protini ya asilimia 24 hadi 26, kwa hiyo unga wa mahindi peke yake hautoshi. Wape mchwa, yai lililochemshwa na kupondwa, na dagaa waliosagwa laini, kidogokidogo mara kadhaa kwa siku. Chakula cha kuku wanaotaga usiwape, kwa sababu kina chokaa nyingi mno.

Wafungie pamoja na mama yao kwa majuma mawili, ili waizoee sauti yake, ambayo mwanzoni hawaielewi vizuri. Baada ya hapo watoe nje umande ukiisha kukauka, na uwarudishe mara wingu linapojikusanya. Jirani yangu husema ninawatunza kama nguo zilizoanikwa. Wahesabu kila jioni. Wakishaanza kuruka weka fito ndani ya kizimba mapema, la sivyo watachagua mwembe, na kuwashusha huko gizani ni kazi ya watu watatu.