Unapiga selo, sasa unataka kuifundisha: anza hivi

Nafundisha selo hapa Bagamoyo, ile ala ya nyuzi nne (C, G, D na A) inayopigwa kwa upinde ukiwa umeketi. Siku moja naweza kukaa na mtoto wa miaka 7 alasiri, kijana wa sekondari jioni, kisha mzee mstaafu baada ya isha. Wapigaji wenzangu huniuliza nilianzaje. Nawajibu kwa mpangilio huu, ambao natamani mtu angenipa mapema.

Hatua ya 1: Rudi uwe mwanafunzi

Mkono uliozoea umesahau jinsi ulivyojifunza. Kwa hiyo badili mikono: upinde ushike kwa kushoto, nyuzi uzibonyeze kwa kulia. Dakika 10 tu. Utahisi dole gumba likikakamaa, bega likipanda, upinde ukiteleza kwenye nyuzi usikotaka uende. Andika kila ulichohisi. Daftari hilo litakusaidia kuliko kitabu chochote, kwa sababu hayo ndiyo yatakayompata mwanafunzi wako siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Selo imfae anayeipiga

Kwa kawaida mtoto wa miaka 5 hadi 7 hutumia selo ya saizi ya robo, wa 7 hadi 11 ya nusu, wa 11 hadi 15 ya robo tatu, kisha kamili. Lakini umri usikudanganye. Mkalishe. Nyayo zote mbili ziguse sakafu, ukingo wa juu wa selo uegemee kifuani, na kigingi cha kukazia uzi mnene, yaani C, kiwe karibu na sikio la kushoto.

Viti vya plastiki vyenye mikono viache barazani, maana vinazuia upinde. Tafuta stuli. Na sakafu ya vigae huuponza mguu wa chuma ulio chini ya selo: unateleza, mtoto anaanza kuibana selo kwa magoti. Funga mkanda kwenye mguu wa stuli, toboa tundu, ncha iingie humo.

Hatua ya 3: Wimbo kwanza, nota baadaye

Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimpa skeli, yaani nota za kupanda na kushuka kwa mfuatano, peke yake kwa miezi 3. Akaacha. Kosa lilikuwa langu, na bado linaniuma, kwani alikuwa na sikio zuri.

Siku hizi nauliza: unaimba nini nyumbani? Mtoto wa madrasa anakuja na kaswida, wa kwaya na wimbo wa kanisani. Tunaimba pamoja mpaka sauti itulie, kisha tunautafuta wimbo kwenye uzi wa D. Uzi mtupu usiobonyezwa, kidole cha kwanza, cha tatu, cha nne: nota 4. Vidole hivyohivyo kwenye uzi wa A vinatoa nota 4 nyingine, na hapo skeli ya D meja imekamilika bila mtu kuitaja. Nyimbo nyingi za watoto zinaenea humo. Wiki za mwanzo wadonoe nyuzi kwa kidole; upinde uje mkono wa kushoto ukishajua njia.

Selo haina vigawanyo kwenye shingo kama gitaa, sikio ndilo linaloonyesha mahali pa kidole. Ndiyo maana nawasikilizisha zeze. Hukwe Zawose, Mgogo aliyelifikisha zeze nchi za mbali, aliishi na kufundisha mji huuhuu. Nalo linapigwa kwa upinde, na mtoto akilisikia anaacha kuiona selo kama kitu cha wageni. Nawasikilizisha pia taarabu ya Unguja, ambamo selo imekaa miaka mingi pamoja na ala za fidla, udi na kanuni.

Hatua ya 4: Kila umri una mlango wake

Mtoto mdogo: dakika 20 zinatosha. Mzazi akae ndani ya somo, maana yeye ndiye mwalimu wa siku nyingine sita.

Kijana: usimsahihishe mbele ya wenzake. Mpe sehemu ya besi katika kikundi mapema, hata kama ni nota mbili tu. Akijua wenzake wanamtegemea, atafanya mazoezi bila kusukumwa.

Mtu mzima anakuja amechoka na kazi, na anaona aibu kutoa sauti mbaya. Mwambie wazi kwamba upinde utakwaruza kwa muda, tena mkwaruzo unafundisha: ukisikika, ama ameukandamiza mno, ama anauvuta polepole mno.

Wazee ndio walionifundisha zaidi. Mwanzoni nilikuwa nashika tu mkono wa mwanafunzi na kuuweka sawa. Kwa mtu wa umri wa baba yako hilo halifai. Msalimie shikamoo, muulize hali yake, kisha: "Samahani mzee, naomba nikushike kiwiko." Akikataa, onyesha kwa mkono wako mwenyewe. Vidole vikiwa vigumu, anza na upinde kwenye nyuzi tupu; sauti nene ya uzi wa C humpa raha siku ileile. Ombi hilo sasa natumia kwa kila mtu, hasa wanawake na mabinti, na mlango wa chumba naacha wazi.

Hatua ya 5: Joto na unyevu wa bahari

Masika mbao huvimba na vigingi hukwama, usivilazimishe. Selo isiachwe juani wala ndani ya gari. Kiungo cha pembeni kikiachia, usikubali fundi aweke gundi kali: gundi ya asili hutumika hapo ili kiungo kifunguke kabla mbao hazijapasuka.

Hatua ya 6: Namna ya kufunga somo

Dakika 5 za mwisho ni za mwanafunzi peke yake, wewe kaa pembeni. Alegeze upinde. Afute vumbi la rozini, utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde, kwenye nyuzi kwa kitambaa kikavu, na jasho pia, maana hewa ya chumvi huozesha nyuzi haraka. Alaze selo ubavuni. Kisha aimbe mara moja, bila ala, kile atakachokifanyia mazoezi nyumbani.