Kuchagua buti la safari ndefu Goma: anza na soli, maji baadaye

Wateja wanaofika kwenye meza yangu Birere huuliza kwanza: "Fundi, hili linaingiza maji?" Swali si baya, ila hapa kwetu jiwe la volkano humaliza buti kabla mvua haijapata nafasi. Lava iliyoshuka mjini Januari 2002 bado tunaikanyaga kila siku, na ukali wake ni wa msasa. Mtu anayetembea hadi Sake au Kibumba aanze ukaguzi chini.

Hatua ya 1: Geuza buti. Meno ya soli yawe na kina, angalau milimita 4, hata kisiginoni. Mbele, mpira upande hadi juu ya vidole. Ukingo huo ndio unaogongana na mawe badala ya ngozi.

Hatua ya 2: Bonyeza soli ya kati. Hapa usiwe na haraka. Buti nyingi za mlimani zinazotoka kwenye mtumba zina sponji ya poliyurethani kati ya soli na ngozi. Unyevu wa hewa huiozesha taratibu, miaka ikipita, hata kama buti halijavaliwa. Ndiyo maana unakuta buti linang'aa, meno yote yapo, halafu nusu ya safari soli inabaki barabarani. Bonyeza pembeni kwa kidole gumba. Ikinata, ikitoa unga, au alama ya kidole ikibaki, liache. Kisha likunje kwa nguvu pale vidole vinapokunjia na utafute nyufa. Muuzaji akikukataza kulikunja, amekwisha kukujibu.

Usidanganywe na gundi mpya. Inashika vizuri sana, lakini imeshika sponji iliyooza. Kama ngozi ni nzima, fundi anaweza kuondoa sponji yote na kufunga soli nyingine. Jumlisha gharama hiyo kabla ya kupatana bei.

Hatua ya 3: Sasa maji. Fungua kamba uangalie ulimi. Uwe umeshonwa pande zote mbili hadi karibu na juu, la sivyo maji yatapita hapo hata ngozi iwe nzuri namna gani. Pendelea ngozi nene yenye mishono michache. Maandishi ya Gore-Tex yanamaanisha kuna utando ndani unaozuia maji na kupitisha mvuke wa jasho. Utando huo ukilika kisiginoni, sindano yangu haiusaidii. Kila tundu la uzi ni njia nyingine ya maji.

Omba beseni. Jaza buti gazeti kavu, weka jiwe ndani, maji yafike chini ya kamba, subiri dakika kumi. Gazeti litasema.

Hatua ya 4: Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazosafiri nazo. Namba 8 ya Uingereza ni karibu 42 yetu. Shuka mteremko: vidole visiguse mbele, kisigino kisipande.

Bote za mpira? Kwa shamba na matope, sawa. Kwa safari ya kutwa, zinachezacheza mguuni na kuleta malengelenge.

Hatua ya 5: Likilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha yakilowana. Usiliweke karibu na mbabula, yaani jiko la makaa: ngozi itakakamaa na gundi itaachia. Likikauka, lipake nta ya nyuki, ukikazia kwenye mishono.