Mnyamapori Mgonjwa Karibu na Makazi: La Kufanya Kabla ya Wataalamu Kufika

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, katika pwani ya Tanzania, kama vile Matipwili na Mkwaja, hakuna ukuta unaotenga shamba na pori, na kwa hiyo si ajabu mtu kuamka alfajiri akamkuta pongo aliyevunjika mguu amelala katikati ya mihogo, au nyani mwenye waya wa mtego shingoni akijikokota kuelekea kisimani. Mwenye huruma hutamani kumkimbilia papo hapo, naye hastahili kulaumiwa kwa hilo. Hata hivyo, msaada wa kwanza anaouhitaji mnyama huyo ni utulivu.

Wanyama wa jamii ya swala wakikimbizwa na kushikwashikwa hupatwa na hofu kubwa inayoharibu misuli yao, hata wakaweza kufa baada ya saa au siku chache ijapokuwa jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Kwa sababu hiyo wafunge mbwa, waondoe watoto, na uwaombe majirani wasikusanyike wala kupiga picha kwa karibu. Usijaribu kuufungua mtego wewe mwenyewe, kwa kuwa mnyama mwenye maumivu hupiga kwa pembe, kwato na meno bila kubagua, na kazi hiyo hufanywa kwa usalama na daktari wa wanyamapori mwenye dawa ya usingizi. Usimmiminie maji mdomoni, maana yanaweza kuingia mapafuni.

Hakikisha pia kwamba mnyama unayemwona anaumwa kweli. Mtoto wa pongo aliyejikunyata peke yake kichakani kwa kawaida amefichwa na mama yake, ambaye hurudi kumnyonyesha watu wakishaondoka. Ukimchukua nyumbani na kumpa maziwa ya ng'ombe, umemfanya yatima. Kasa aliyepanda ufukweni usiku naye huenda amekuja kutaga, hivyo asimulikwe tochi wala kurudishwa majini.

Dalili za kichaa cha mbwa zinahitaji tahadhari kuliko zote. Bweha, nguchiro au fisi anayeingia uani mchana bila kuogopa watu, anayeyumba, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayeng'ata hata vijiti na mawe, achukuliwe kuwa ana ugonjwa huo mpaka wataalamu waseme vinginevyo. Anaweza pia kuonekana mpole na mlegevu, na upole huo ndio unaowaponza watoto wanaotaka kumshika. Virusi vimo katika mate, na huingia mwilini kwa kung'atwa, au mate yanapogusa mchubuko, macho au mdomo. Aliyeng'atwa aoshe kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Dalili kwa binadamu mara nyingi huchukua miezi 2 hadi 3 kujitokeza, na zikishajitokeza ugonjwa huu karibu kila mara huua. Mtu asidanganyike kwa kuwa wiki kadhaa zimepita salama. Mbwa wa kaya walioguswa na mnyama huyo nao wapelekwe kwa afisa mifugo.

Taarifa itolewe mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au afisa mtendaji wa kijiji, ili imfikie afisa wanyamapori wa wilaya au askari wa hifadhi. Eleza mnyama ni wa aina gani, yuko mahali gani, umeona dalili zipi na tangu saa ngapi, na kama kuna mtu au mfugo aliyeng'atwa. Kusubiri ni kugumu, hasa wakati wa masika barabara zinapoharibika, na inauma kumtazama kiumbe akiteseka. Hata hivyo, uamuzi wa kumtibu au kumuua ili asiteseke si wetu: kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama, ngozi na pembe zake ni nyara za Serikali, na anayekutwa nazo bila kibali hushtakiwa. Uhai wa mtu ukiwa hatarini papo hapo kujihami kunaruhusiwa, ila taarifa itolewe bila kuchelewa.

Ndege aliyeumia, kwa mfano bundi aliyekula panya mwenye sumu, anaweza kufunikwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, bila chakula. Popo asiguswe kwa mikono mitupu.

Mnyama akiwa amekwisha kufa, mzoga usichunwe wala kuliwa. Mzoga uliovimba haraka bila kukakamaa, wenye damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani au njia ya haja kubwa, unaweza kuwa na kimeta, na kuupasua huachilia vimelea vinavyoweza kudumu ardhini kwa miongo mingi. Ufunike kwa turubai au matawi bila kuugusa, zuia mbwa na mifugo, na umwite afisa mifugo asimamie kuuchoma au kuuzika kwa kina. Aliyekwisha kuugusa anawe kwa sabuni, na akiona kipele kinachogeuka kidonda cheusi, au akipata homa, amweleze mganga wa kituo cha afya kwamba aligusa mzoga.