Jinsi ya kutazama pambano la Budokan la 1995, wawili kwa wawili

Aliyekulia na kachi, yaani mieleka ya Kongo, ambamo mpiganaji anaingia na fetishi zake na watu wanangoja kuona dawa ya nani ina nguvu, akifungua mieleka ya Japani mara ya kwanza anaweza kuzima simu baada ya dakika tano. Hakuna dawa. Hakuna majigambo kwenye maikro. Mapigo ya mwanzo yanakuja moja moja, na ukumbi mzima umetulia. Utulivu ule ndio kitu cha kwanza cha kujifunza: Wajapani wanasikiliza pambano kabla ya kulipigia kelele.

Pambano la kuanzia ni lile la tarehe 9 mwezi wa sita 1995, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, chini ya kampuni ya All Japan Pro Wrestling iliyoanzishwa na Giant Baba mwaka 1972. Mabingwa wa mikanda ya dunia ya wawili wawili, Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi, wanakutana na Toshiaki Kawada na Akira Taue. Lilichukua dakika 42 na sekunde 37. Shika namba hiyo, maana ndiyo kipimo cha video: ikiwa na dakika 10 au 15, ni mapigo yaliyokatwa na kuunganishwa, na pambano hili likikatwa halibaki kitu. Tafuta video inayozidi dakika 42. Kwa ubora wa 360 inakula takriban mega 150 hadi 250. Usishuke chini ya hapo, kwa sababu nusu ya habari iko kwenye nyuso, na nyuso zikigeuka ukungu utabaki na miili tu. Ni heri kuipakua usiku na kuitazama kesho yake umeme ukiwepo, kuliko kuitazama ikikwama kwama.

Jifunze rangi kabla ya majina. Misawa ni suruali ndefu ya kubana ya kijani, na silaha yake ni kiwiko. Kobashi ni bukta fupi ya rangi ya chungwa. Ndiye mdogo kuliko wote, amezaliwa 1967. Kawada ni nyeusi na njano, mtu wa mateke. Taue ni nyekundu, mrefu, aliyewahi kuwa mcheza sumo, na mkono wake hutafuta koo la mwenzake ili amwinue na kumtupa chini. Dakika mbili za kukariri rangi hizi zitakuokoa na kurudisha nyuma mara ishirini.

Sheria ni chache. Anayepigana kihalali ni mmoja kila upande. Mwenzake anasimama nje ya kamba kwenye kona mpaka aguswe mkono. Mabega yakikaa chini hadi arbitri ahesabu tatu, imekwisha. Mwenzako anaruhusiwa, kwa kuvumiliwa, kuingia na kuvunja hesabu. Ruhusa hiyo ndogo ndiyo iliyolifanya pambano hili liwe kubwa.

Halafu jua deni lililokuwepo. Mtu wa Lubumbashi haelezwi kwamba mechi ya Mazembe na Lupopo haianzi siku ya mechi. Hapa pia. Misawa na Kawada walisoma sekondari moja, Misawa akiwa mbele kwa mwaka mmoja. Walipigana upande mmoja mpaka 1993, Kawada alipohama na kuungana na Taue, mtu aliyekuwa adui yake. Tangu hapo Misawa na Kobashi walikuwa wanashinda: fainali ya mashindano ya wawili wawili ya Desemba 1993, kisha Sapporo mwezi wa tano 1994. Mwezi wa kwanza 1995, Osaka, wanne haohao walipigana dakika 60 nzima bila mshindi. Na jambo zito kuliko yote: hadi siku hiyo, Kawada hakuwahi hata mara moja kumbana Misawa mabega kwa hesabu ya tatu, wala peke yake wala na mwenzake. Usipojua hili, mwisho wa pambano utaona ni mwisho kama mwingine.

Ongeza majeraha mawili. Kobashi aliingia na mguu mbovu. Misawa, miezi miwili kabla, alivunjika mfupa wa tundu la jicho akipigana na huyohuyo Kawada.

Sasa tazama. Mara ya kwanza tazama yote bila kusimamisha, na jicho lako lisifuate anayepiga. Tuliozoea mpira tunafuata mpira, na hilo ndilo kosa linalowapotezea watu wengi pambano hili. Kila pigo kubwa linapotua, hamisha jicho kwenye kona: aliyesimama nje anafanya nini? Anaweza kuingia? Anachelewa? Mguu unambeba?

Hapo utauona mpango wa Kawada na Taue, nao ni mpango wa watu wenye akili. Wakimshambulia Misawa moja kwa moja, Kobashi ataingia kila mara kuvunja hesabu. Kwa hiyo wanaanza na mlinzi. Mguu wa Kobashi unapigwa, unapindwa, unapigwa tena, si kwa ajili ya kumshinda yeye, bali ili mlango wa Misawa ubaki bila bawabu. Kila mara Kobashi anapoanguka, Misawa anabaki mmoja kwa wawili. Unaweza kuona katikati panachosha. Katikati ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Ukiruka dakika hizo, mwisho hautakuwa na mizizi.

Jicho la pili liwe kwa Taue. Ni mzito, hana madoido, na wageni humdharau. Lakini pigo linalogeuza mambo ni lake: anamkamata Misawa koo pale ukingoni mwa ulingo na kumtupa hadi chini, nje. Hakuna kamba wala mbao laini za ulingo huko. Sikiliza ukumbi pigo hilo linapotua. Si shangwe, ni watu wanaoshtuka.

Kisha fuatilia kitendo ambacho kinalifanya pambano hili lizungumzwe hadi leo. Kobashi, ambaye hawezi tena kusimama vizuri wala kupiga, anajilaza juu ya Misawa na kumfunika kwa mwili wake ili mapigo yamshukie yeye. Ametumia kilichobaki. Usitafute ufundi hapo. Angalia uso wa Kawada anapolazimika kumwondoa.

Makosa mengine mawili. La kwanza ni kutafuta mbaya na mwema. Hakuna. Kawada anafanya ukatili, lakini anafanya kwa sababu amechoka kuwa wa pili, na ukumbi unalijua hilo. Ndiyo maana utasikia majina ya pande zote mbili yakiitwa. La pili linahusu vijana: kuiga. Mapigo ya kumwangusha mtu kwa shingo na kisogo yalifanywa na watu waliofunzwa kuanguka kwa miaka mingi, na hata hao yaliwadhuru. Misawa mwenyewe alifariki tarehe 13 mwezi wa sita 2009, Hiroshima, baada ya kuangushwa ulingoni. Mchanga wa parseli au godoro la nyumbani havimlindi mtu shingo.

Mara ya pili, siku nyingine, chukua karatasi na uchore safu mbili. Upande mmoja andika dakika ambazo Kobashi anafanikiwa kumwokoa Misawa. Upande wa pili andika zile anazoshindwa au kuchelewa. Safu ya pili ndiyo itakayokua kadiri dakika zinavyokwenda. Zima sauti kwa dakika kumi uone miguu, kisha irudishe uone watu wanaanza kupiga miguu sakafuni lini. Wanaanza pale wanapoelewa kwamba Misawa anaweza kushindwa kweli, na hilo huja mapema kuliko ulivyodhani mara ya kwanza.

Mwisho ni bomu la Kawada: anamwinua Misawa hadi mabegani, anamshusha kwa mgongo, anambana. Moja, mbili, tatu. Usizime hapo. Acha video iende hadi mwisho, uwatazame wote wanne, walioshinda na walioshindwa.

Ukimaliza, tafuta ya tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1996: Kawada na Taue tena, Misawa safari hii akiwa na kijana Jun Akiyama. Itazame kwa njia ileile, jicho kwenye kona, kwa sababu Akiyama anafanya kazi ya Kobashi bila uzoefu wa Kobashi.